TUSOME NYUMA YA PAKITI: LEBO YA CHAKULA KATIKA MIZANI YA HALALI NA TWAYYIB

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, aliyetuumba na akatuwekea riziki zetu katika ardhi. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka siku ya Kiyama. Ama baada ya hayo.



Katika somo hili tumekusudia kuyaangalia yale maandishi madogo yaliyo nyuma ya pakiti za vyakula. Wengi wetu tunanunua pakiti kwa kuangalia picha ya mbele, bei, na pengine kwa sababu mtoto ameililia. Tukishafika nyumbani tunaichana, tunakula, na karatasi tunaitupa. Kumbe katika karatasi ile kulikuwa na maelezo ambayo yangetusaidia kujua kama chakula hicho ni halali, kama kina manufaa, na kama kina thamani ya fedha tuliyoitoa.

KWA NINI SOMO HILI LINATUHUSU

Sisi wakazi wa Nduta na vijiji vya Kibondo na Kasulu tumezoea vyakula visivyo na pakiti: maharage, mahindi, muhogo, ndizi, mawese na dagaa kutoka ziwani. Lakini leo hata kibanda kidogo kabisa kina biskuti, juisi za unga, tambi za kupika kwa dakika chache, pipi, na maziwa ya unga ya aina nyingi. Nyingine zimetengenezwa hapa Tanzania, nyingine zimepita Burundi, nyingine zimetoka Kenya, Uganda, Uarabuni au mbali zaidi.

Ndugu zetu waliopokewa katika kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena mwaka 2015 wanajua zaidi umuhimu wa jambo hili. Mgawo wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2017, na tena mwaka 2023, kila shilingi iliyopatikana ilibidi inunue chakula hasa, si rangi na sukari. Na mwenyeji anayelima nusu eka hana tofauti. Mwenye fedha nyingi akinunua kitu kisichofaa amepoteza fedha. Mwenye fedha kidogo akikosea, mtoto wake amelala na njaa.

Tunalo tukio tunalolifahamu katika jamii yetu. Mtoto wa miezi minane alikuwa akinyweshwa kila siku unga mweupe uliochanganywa na maji ya moto. Familia iliamini kuwa ni maziwa, kwa kuwa pakiti ilikuwa na picha ya kikombe na rangi ya maziwa. Mtoto alizidi kukonda mpaka akapelekwa kliniki. Pakiti ilipogeuzwa na kusomwa, ikaonekana kuwa ni krimu ya kutia kwenye chai. Kiambato cha kwanza kilikuwa sharubati ya glukosi, cha pili mafuta ya mimea. Hapakuwa na udanganyifu katika maandishi. Yote yalikuwa yameandikwa, lakini hapakuwa na wa kuyasoma. Alhamdulillah mtoto alipata nafuu.

MAFUNDISHO YA DINI

Katika Suratul-Baqarah, aya ya 168, Allah (s.w.) amewaamrisha watu wote wale vilivyomo katika ardhi kwa masharti mawili: viwe halali na viwe twayyib, yaani vizuri, safi na vyenye manufaa. Mara nyingi sisi tunashika sharti la kwanza na kulisahau la pili. Tunauliza: "Je, kuna nguruwe?" Tukiambiwa hakuna, tunakula. Lakini sharti la pili nalo linatudai tuulize: "Je, kinamfaa mwili?"

Pia katika Suratul-A'raf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa na tukakatazwa kufanya israfu. Na katika Suratul-Israa, aya ya 36, tumekatazwa kufuata jambo tusilolijua. Mtu anayemlisha mwanawe kitu asichojua kimetengenezwa kwa nini, naye anaweza kusoma au kumwomba anayejua kusoma, na alitafakari hilo.

Imepokewa na Abu Huraira (r.a.) katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita kwenye rundo la chakula sokoni, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alimwuliza mwenye chakula kwa nini hakukiweka kile kilichoroa juu watu wakione, na akabainisha kuwa mwenye kudanganya si katika sisi. Tuzingatie, ndugu wasomaji: Mtume (s.a.w.) hakutosheka na sehemu ya juu iliyokauka vizuri. Uso wa pakiti ni ile sehemu ya juu ya rundo. Kuigeuza na kusoma nyuma ndiyo kuingiza mkono ndani.

NAMNA YA KUISOMA LEBO

(i) Jina halisi la chakula

Mbele ya pakiti kuna jina la biashara kwa herufi kubwa. Jina halisi huwa kwa herufi ndogo. "Juisi ya embe" si sawa na "kinywaji chenye ladha ya embe". Ya kwanza imetokana na embe. Cha pili kinaweza kisiwe na embe hata kidogo. Vivyo hivyo "maziwa ya unga" si sawa na "krimu ya chai".

(ii) Orodha ya viambato

Orodha hii huanza na neno Viambato au Viungo. Kwa Kiingereza huandikwa Ingredients, kwa Kifaransa Ingrédients, na kwa Kiarabu al-mukawwinat. Kanuni yake ni moja duniani kote: kilichotiwa kwa wingi zaidi hutangulia, na kilichotiwa kwa uchache zaidi huwa mwisho. Kwa hiyo ukisoma vitu vitatu vya mwanzo umeshajua sehemu kubwa ya chakula hicho.

Ukikuta juisi ya unga inaanza na sukari, ujue umenunua sukari yenye rangi. Ukikuta kipande cha kiungo cha mchuzi kinaanza na chumvi, ujue umenunua chumvi, nawe huna haja ya kuongeza nyingine chunguni. Sukari nayo ina majina mengi: sukrosi, glukosi, fruktosi, dekstrosi na sharubati ya mahindi. Zikitajwa tatu katika pakiti moja kila moja mahali pake, kwa pamoja zinaweza kuzidi unga uliotajwa mwanzo.

Kwa Muislamu, orodha hii ndiyo mahali pa kutafuta haramu. Kwa Kiingereza tuyajue maneno pork, ham, bacon na lard. Kwa pakiti za Kifaransa zinazopita mpakani, tuyajue porc, jambon na saindoux. Hili la mwisho ni mafuta ya nguruwe. Tukikuta gelatini, ambayo hutiwa kwenye pipi laini, tujue kuwa hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, ng'ombe au nguruwe. Isipoelezwa asili yake na pasiwe na cheti cha halali, imeingia katika yale mambo yenye kutatiza ambayo Mtume (s.a.w.), katika Hadithi ya Nu'man bin Bashir (r.a.), ametufundisha kuyaepuka ili kuilinda dini na heshima zetu. Wanazuoni wamejadili kama kitu najisi kinaweza kutwaharika kwa kugeuka umbo kabisa, nao hawakukubaliana. Mwenye swali katika hilo na amrejee mwalimu wake. Lakini pipi si dharura.

Humo humo ndimo mwenye mzio hupata salama yake. Karanga, maziwa, mayai, ngano, soya na samaki ni miongoni mwa vyakula vinavyowadhuru baadhi ya watu hata kwa kiasi kidogo.

(iii) Jedwali la virutubishi

Jedwali hili huonyesha nishati, protini, wanga, sukari, mafuta na chumvi. Kabla ya kusoma namba yoyote, soma kwanza namba hizo ni za kiasi gani. Hapa ndipo wengi huteleza.

Mfano: pakiti ya biskuti ina gramu 100. Jedwali linasema kilokalori 115, lakini juu yake kumeandikwa "kwa gramu 25". Aliyekula pakiti nzima amekula mara nne, yaani kilokalori 460. Ikiwa nishati imeandikwa kwa kilojuli, igawe kwa 4.2 upate kilokalori. Ukitaka kulinganisha pakiti mbili, tumia safu ya gramu 100, kwa sababu hapo zote zimepimwa kwa kipimo kimoja.

Sukari: gramu 4 ni takriban kijiko kimoja cha chai. Soda ikiwa na gramu 10 katika kila mililita 100, chupa ya mililita 350 ina gramu 35, yaani karibu vijiko 9. Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wake wa mwaka 2015 limeshauri sukari ya kuongezwa isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000, hiyo ni gramu 50. Je, nani kati yetu anayeweka vijiko 9 katika kikombe kimoja cha chai?

Chumvi: pengine huandikwa kama sodiamu. Zidisha sodiamu kwa 2.5 upate chumvi. Pakiti ya tambi yenye miligramu 1,000 za sodiamu ina gramu 2.5 za chumvi. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 kwa siku, hivyo pakiti moja imemaliza nusu. Wazee wetu wenye shinikizo la damu wanahitaji mjukuu wa kuwasomea namba hii.

Protini: hii ndiyo inayojenga mwili wa mtoto. Maziwa halisi ya unga yasiyotolewa mafuta yana takriban gramu 25 za protini katika gramu 100. Krimu ya chai huwa na gramu chache tu. Namba hii moja ingetosha kumwokoa yule mtoto tuliyemtaja.

(iv) Tarehe

MFG au MFD ni tarehe ya kutengenezwa. EXP ni mwisho wa matumizi. BB maana yake ni kuwa chakula ni bora kabla ya siku hiyo. Ikipita, ladha na ubora hupungua. Tarehe ya mwisho wa matumizi ikipita, usile wala usimuuzie mwenzako. Kufuta tarehe au kubandika nyingine juu yake ni ghishi ile ile ya rundo lenye unyevu.

Tahadhari mbili. Kwanza, 03/08/2027 kwetu ni tarehe 3 Agosti, lakini kwa bidhaa za Marekani inaweza kuwa tarehe 8 Machi. Pili, bidhaa za Uarabuni huweza kuandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, karibu na maneno tarikh al-intiha. Wanafunzi wa madrasa mna nafasi ya kuwasaidia majirani hapa: kumbukeni kuwa tano ya Kiarabu (٥) inafanana na sifuri yetu, na sita yake (٦) inafanana na saba yetu, ilhali sifuri yake ni nukta (٠).

(v) Uzito halisi na bei

Mwanzo wa Suratul-Mutaffifin unawaonya vikali wanaopunguza vipimo. Muuzaji ana wajibu wa kutimiza uzito ulioandikwa, na mnunuzi ana haki ya kuusoma. Tuseme pakiti ya gramu 50 ni shilingi 300, na ya gramu 200 ni shilingi 1,000. Kwa ndogo, gramu 100 ni shilingi 600; kwa kubwa ni shilingi 500. Majirani wawili wakichanga wakanunua kubwa na kugawana, wote wamepata nafuu.

(vi) Alama

Alama ya TBS inahusu viwango vya ubora na usalama. Haikuthibitishi kuwa chakula ni halali. Usajili na usimamizi wa vyakula uliokuwa chini ya TFDA tangu mwaka 2003 ulihamishiwa TBS mwaka 2019. Alama ya halali hutolewa na taasisi za Kiislamu. Hapa nchini BAKWATA ni miongoni mwa zinazotoa vyeti hivyo. Neno "halali" lisilo na jina la taasisi ni dai la mwenye kiwanda tu. Nayo mistari myeusi yenye namba inayoanza na 620 huonyesha kuwa namba hiyo imesajiliwa Tanzania. Haionyeshi kilichomo ndani.

Ipo pia alama ya chakula kilichoongezwa virutubishi. Kanuni za mwaka 2011 zilitaka viwanda viongeze madini ya chuma na asidi ya foliki katika unga wa ngano na wa mahindi, na vitamini A katika mafuta ya kula. Chumvi nayo, tujue ni ya Uvinza au ya kwingineko, tuhakikishe imeandikwa kuwa ina madini joto, ili tuepukane na tezi la shingo na udumavu wa akili kwa watoto.

ZILE NAMBA ZA HERUFI E

Huzunguka karatasi na ujumbe wa simu unaodai kuwa kila namba ya E ni nguruwe. Hili si sahihi, na kuharamisha bila elimu ni kosa kama kuhalalisha bila elimu. Namba hizo ni majina ya vitu vinavyoongezwa katika chakula. E300 ni vitamini C. E330 ni asidi ya limau. E100 ni rangi ya manjano itokanayo na bizari. Hizi hazina tatizo la uharamu.

Lakini E120 ni rangi nyekundu itokanayo na wadudu, na wanazuoni wengi wameikataza. E471 hutokana na mafuta, ya mimea au ya mnyama, nayo lebo mara nyingi haisemi. Hapo tunahitaji cheti cha halali au maneno "ya mimea". E102 na E110 ni rangi za viwandani zinazopatikana katika juisi na pipi. Tangu mwaka 2010 nchi za Umoja wa Ulaya zinataka vyakula vyenye rangi hizo vionye kuwa zinaweza kuathiri utulivu na usikivu wa watoto.

LEBO NAYO INA MIPAKA

Mwaka 2001 huko Indonesia, kiungo cha kuongeza ladha kilichokuwa kikiuzwa nchi nzima kiliondolewa madukani baada ya kubainika kuwa kimeng'enya cha nguruwe kilitumika katika hatua za utengenezaji. Hakuna aliyeweza kulijua hilo kwa kusoma pakiti. Ndiyo maana tunahitaji wakaguzi Waislamu wanaoingia kiwandani.

Na mwaka 2008 huko China, kemikali ya melamini ilitiwa katika maziwa yaliyoongezwa maji ili yakipimwa yaonekane yana protini nyingi. Watoto takriban 300,000 waliugua na sita walifariki. Namba ilikuwa nzuri, amana ndiyo iliyokosekana. Enyi wanafunzi, baadhi yenu mtakuwa wafanyabiashara, wakaguzi na wataalamu wa maabara. Kumbukeni kuwa nyuma ya kila namba yupo mtoto atakayekunywa.

CHAKULA KISICHO NA LEBO

Isidhaniwe kuwa chakula cha pakiti ni bora kwa sababu kina maandishi. Gramu 100 za maharage makavu ya Kasulu zina zaidi ya gramu 20 za protini. Biskuti za kawaida zina gramu 6 hadi 8. Mawese mekundu yana viini vya vitamini A, mradi yasiunguzwe mpaka yakawa meupe. Dagaa anayeliwa na mifupa yake hutupatia madini ya kujenga mifupa yetu.

Kwa mtoto mchanga, hakuna pakiti iliyofikia maziwa ya mama. Suratul-Baqarah, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza. Wataalamu wa afya nao wanasema: maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, kisha chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Tuongeze neno kuhusu zile pakiti za karanga wanazopewa watoto wenye utapiamlo mkali. Pakiti ya Plumpy'Nut ina gramu 92 na kilokalori 500. Ni dawa kwa mgonjwa aliyepimwa kliniki. Kuiuza sokoni au kuwagawia ndugu zake wazima ni kumnyang'anya mgonjwa tiba yake.

HITIMISHO

Katika nyumba nyingi mwanafunzi ndiye anayesoma vizuri zaidi kuliko wote. Basi asomapo na awasomee wazazi wake kwa adabu, bila kuwakejeli. Aseme: "Mama, hapa wameandika hivi," kisha amwachie mama uamuzi. Na mzazi naye asione haya kumwuliza mwanawe, kwani elimu huchukuliwa popote ilipo.

MASWALI YA ZOEZI

1. Taja masharti mawili ya chakula yaliyomo katika Suratul-Baqarah, aya ya 168, na ueleze tofauti yake.
2. Lebo inasema: "sukari, E330, rangi E102, ladha ya chungwa". Je, hii ni juisi ya chungwa? Toa sababu.
3. Pakiti ya gramu 80 ina miligramu 800 za sodiamu katika kila gramu 100. Tafuta chumvi iliyomo katika pakiti nzima.
4. Alama ya TBS na alama ya halali zina tofauti gani?
5. Chukua pakiti tatu tupu nyumbani kwenu. Andika viambato vitatu vya mwanzo vya kila moja, umsomee mzazi wako, kisha ulete darasani.

Tunamwomba Allah (s.w.) aturuzuku kilicho halali na twayyib, awape watoto wetu siha njema, na atujaalie tuwe wenye kusoma na kuyatendea kazi tunayoyasoma. Amin.

Wabillahi tawfiq.